Video ya Apollo 11: uoneshe toleo lipi?

Kila Julai ikikaribia napata ujumbe wa namna moja kutoka kwa walimu na vijana wanaotengeneza video. Wanataka kumwonesha mtu wa kwanza akikanyaga Mwezi, wameingia mtandaoni, wamekuta video lukuki za tukio lilelile na hakuna mbili zinazofanana. Moja imejaa chenga na giza, mwanaanga anaonekana kama mzimu. Nyingine imetulia, ngazi inaonekana na mguu unaonekana. Kuna yenye rangi, inayotazama kutoka juu. Na kuna ile inayoteleza na kung'aa kama tangazo la simu mpya. Zote zimeandikwa kwamba ni halisi. Sasa achukue ipi?

Zamani nilijibu haraka: chukua inayoonekana vizuri. Nimeacha. Mwaka mmoja nilipeleka projekta kwenye klabu ya sayansi ya shule fulani, nikaweka ile ya kung'aa, na binti wa kidato cha pili akanyoosha mkono: "Mwalimu, mbona vidole vyake vinaungana halafu vinaachana?" Nikarudisha nyuma, tukatazama wote. Vilikuwa vinaungana kweli. Sikuwa na jibu la maana, na huko nyuma nikasikia mtu akimnong'oneza mwenzake, "Si nilikwambia, ile walirekodi studio." Tangu siku hiyo nachagua toleo ambalo naweza kumsimulia mbishi wa mstari wa mbele kila kilichofanywa juu yake, kutoka kwenye kamera mpaka ukutani. Likinishinda kusimulia, silioneshi, hata liwe zuri namna gani.

Kwa hiyo lazima tuanze na kamera.

Ubovu ulianzia wapi

Kamera ya televisheni iliyompiga Neil Armstrong akishuka ngazi ilitengenezwa na kampuni ya Westinghouse, mhandisi wake mkuu akiwa Stan Lebar. Ilikuwa na kilo tatu na ushei, ikala umeme kidogo kuliko balbu ya chumbani. Ilibanwa na njia ya kupitishia picha. Eagle, chombo kilichotua, kilikuwa na mawimbi yaleyale ya kupelekea Duniani sauti za wanaanga, mapigo ya mioyo yao, taarifa za mitambo na picha, vyote kwa mkupuo. Picha ikaachiwa nafasi ya kama kilohezi 500, wakati televisheni ya Marekani ya siku zile ilihitaji zaidi ya megahezi 4. Ndipo ikabidi kamera ipige fremu 10 tu kwa sekunde, kila fremu mistari 320, badala ya fremu 30 za mistari 525 ambazo televisheni za sebuleni zilizizoea.

Hakuna televisheni ya sebuleni iliyoweza kusoma picha ya namna hiyo. Ilipopokelewa Duniani ilibidi ipitishwe kwenye mtambo wa kubadili, na mtambo wenyewe, ukiuvua majina makubwa, ulikuwa hivi: kioo kidogo kinaonesha picha inayotoka Mwezini, na mbele yake kamera ya kawaida ya televisheni imekielekea, inakipiga. Ni sawa na mtu anayerekodi mechi kwa simu kutoka kwenye runinga ya kibandani. Kisha diski ya sumaku ikazirudiarudia fremu zile 10 ili zijaze nafasi ya 30. Weusi ukazidi, kingo zikafifia, chenga zikaongezeka, hata kabla picha haijafika Houston, kwenye kituo cha NASA cha kuongozea safari, achilia mbali kwa mtazamaji.

Vituo vilivyopokea vilikuwa vitatu: Goldstone kule California, na Honeysuckle Creek na Parkes kule Australia. (Unguja nako kuliwahi kuwa na kituo cha NASA, cha mradi wa Mercury, ila kilifungwa mwaka 1964 baada ya Mapinduzi, miaka mitano kabla ya haya.) Picha ya Goldstone ilikuwa na weusi na weupe uliopitiliza, na Houston ikawa inarukaruka kati yake na ya Honeysuckle Creek. Hatua ya kwanza yenyewe iliyorushwa duniani ni ya Honeysuckle Creek. Baada ya dakika kama tisa wakahamia Parkes, penye dishi la mita 64, wakabaki hapo mpaka mwisho wa matangazo yaliyochukua takriban saa mbili na nusu. Ukitazama toleo refu ambalo halijakatwa, utaona picha inabadilika ghafla mara kadhaa mwanzoni. Mwambie mtazamaji mapema, vinginevyo atadhani kuna mkono wa mtu.

Afrika Mashariki ilikuwa saa 11 na dakika 56 alfajiri, Julai 21. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni wakati huo, wala haikupata hadi mwaka 1994, kwa hiyo wazee wetu wengi waliusikia Mwezi redioni. Sisi picha hizi zilitufikia zikiwa nakala ya nakala, na ndiyo sababu wengi wetu tunaamini tukio lenyewe lilikuwa na ukungu ule.

Tepu ambazo hazipo tena

Mtu akishaelewa habari ya ule mtambo wa kubadili, swali lake la pili huwa hili: je, picha kabla haijabadilishwa haikurekodiwa? Ilirekodiwa. Vituoni kulikuwa na tepu pana za inchi moja zenye njia 14, zikihifadhi kila kitu kilichoshuka kutoka Mwezini, picha ya fremu 10 ikiwemo. Zilikuwa akiba tu, endapo matangazo yangekatika. Matangazo hayakukatika, tepu zikapelekwa stoo, na miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 NASA ilipopungukiwa tepu za kurekodia data za satelaiti, za zamani zikafutwa na kutumika upya. Lebar na wenzake, akiwemo Dick Nafzger wa kituo cha Goddard, walizisaka kwa miaka mitatu hivi, na mwaka 2009 NASA ikakubali hadharani kwamba tepu kama 45 zilizobeba picha za Apollo 11 zilikuwa zimefutwa.

Huwa najizuia nisicheke nikikumbuka kwamba katika shirika hilohilo, tepu za vyombo vya Lunar Orbiter, vilivyopiga picha za Mwezi mwaka 1966 na 1967, ziliokoka kwa sababu mwanamke mmoja, Nancy Evans, alikataa zitupwe, kisha akaziweka mashine za kuzisomea kwenye gereji yake kwa miaka. Watu waliokuja kuzisafisha mwaka 2008 walifanyia kazi ndani ya jengo lililokuwa mgahawa wa McDonald's, kwenye eneo la kituo cha Ames. Picha zilizotoka humo ni kali kuliko zilizochapishwa wakati wa safari zenyewe. Apollo 11 haikumpata Nancy wake.

Naeleza haya kwa sababu kuna habari nyingine inayozunguka na kuchanganya watu. Mwaka 2019 ziliuzwa mnadani, Sotheby's, reeli tatu za tepu za Apollo 11 kwa dola milioni 1.82. Aliyeziuza alikuwa amezinunua mwaka 1976, akiwa mwanafunzi wa mafunzo kazini NASA, katikati ya shehena ya tepu chakavu zaidi ya elfu moja iliyomgharimu dola 217.77. Habari tamu, lakini zile ni tepu za Houston, zilizorekodiwa baada ya picha kubadilishwa. Yeyote anayekuuzia video "kutoka tepu zilizopotea" hajui anachosema, au anajua.

Matangazo ya 1969 kando ya toleo la 2009

Sasa tulinganishe yale mawili ambayo mwalimu wa kawaida atahangaika nayo: nakala ya matangazo kama yalivyokuwa, na toleo ambalo NASA ililisafisha na kuanza kulitoa Julai 16, 2009.

Nakala nyingi za zamani zilizopo mtandaoni zinatokana na kineskopi, yaani filamu iliyopatikana kwa kuelekeza kamera ya filamu kwenye kioo cha televisheni. Hesabu basi: kamera ya Mwezini, kioo cha mtambo, kamera ya mtambo, kioo cha Houston, kamera ya filamu. Picha ya picha ya picha. Toleo la 2009 lilikwenda kutafuta nakala zilizopita mikono michache zaidi: tepu ya matangazo kwenye ghala la televisheni ya CBS, rekodi iliyofanyika Sydney kabla picha haijavuka bahari kwa satelaiti, na kineskopi za Houston pale ambapo hapakuwa na kingine. Kazi ilipewa kampuni ya Lowry Digital ya Burbank, California, kwa bajeti ya dola 230,000.

Walichofanya kinaelezeka kwa dakika moja, na hapo ndipo wananikamata. Chenga hubadilika kila fremu, bali ngazi haibadiliki. Kompyuta ikitazama fremu iliyotangulia na inayofuata, inaweza kutambua kipi kimebaki palepale na kipi kimeruka, ikapunguza kinachoruka. Wakasawazisha weusi na weupe, wakatuliza mtikisiko, wakaondoa mikwaruzo. Hakuna kidole kilichochorwa. Penye ukungu ambao kamera yenyewe haikuona kitu, ukungu umebaki.

Weka sekunde ileile ya hatua ya kwanza kwenye vioo viwili. Kwenye kineskopi utaona umbo jeupe linashuka ndani ya weusi, ngazi ni mstari unaokatikakatika, na mahali ambapo mguu unagusa ardhi unabahatisha kwa kusikiliza sauti. Kwenye toleo la 2009 unaona mgongo wa Armstrong na mkoba wake wa hewa, unaona ameshika ngazi, na unaona kiatu kinaacha kile kisahani cha mguu wa chombo na kugusa vumbi. Bado si picha kali. Kijana aliyezoea simu ya kisasa ataiona chafu. Lakini anaona tukio, na hilo kwa darasa linatosha.

Kuna mambo mawili ambayo matangazo ya 1969 yanayashinda matoleo yote yaliyopambwa. La kwanza, picha inaanza ikiwa kichwa chini. Kamera ilifungwa ikiwa imegeuzwa kwenye kabati la ubavuni mwa chombo, na mafundi wa Duniani walikuwa na swichi ya kuigeuza. Sekunde chache zikapita kabla haijabonyezwa. Vipande vingi vya mtandaoni vimekata sehemu hiyo. Mimi huitafuta makusudi, kwa sababu hakuna kinachowashtua watoto na kuwaamsha kama kuona Mwezi ukiwa juu na mbingu chini. La pili ni ule uzimu wenyewe: bendera inaonekana kupitia mwili wa mwanaanga. Ndani ya kamera ile mlikuwa na kioo cha kupokea mwanga kilichoshika taswira ya kitu kilichosimama muda mrefu, kwa hiyo mtu akipita mbele yake taswira ya zamani ilikuwa bado haijafutika. Wabishi wa vijiweni wanaipenda sana sehemu hii. Ukiiondoa kwa kusafisha, umewapa la kusema. Ukiiacha na kuieleza, umemaliza.

Kama ni lazima nichague moja kati ya haya mawili, nachukua la 2009, na natanguliza sekunde thelathini za kineskopi ili watu wajue tumetoka wapi.

Filamu ya dirishani

Ile yenye rangi inayotazama kutoka juu ni kitu kingine kabisa, na wengi hudhani ni ileile video iliyotiwa rangi. Kwenye dirisha la kulia la Eagle, upande wa Buzz Aldrin, mwenzake Armstrong, palifungwa kamera ndogo ya filamu ya milimita 16 iliyotengenezwa na kampuni ya Maurer. Hii haikurusha chochote hewani. Filamu yake ilirudi Duniani na wanaanga ikasafishwa maabara. Njia ya haraka ya kuitofautisha na televisheni ni kuangalia mahali kamera ilipo. Ukiwa chini, ubavuni mwa mguu wa chombo, huku ngazi ikikata picha, hiyo ni televisheni, na televisheni ya Apollo 11 kule Mwezini ilikuwa nyeusi na nyeupe. Ikiwa na rangi, imepakwa. Ukiwa juu dirishani unaangalia chini, hiyo ni filamu, na rangi ni yake ya kuzaliwa.

Tatizo lake ni kasi. Kasha moja lilibeba filamu ya futi 140, kama fremu 5,600. Ukipiga fremu 24 kwa sekunde kama sinema, kasha linaisha kabla dakika nne hazijatimia. Kwa hiyo wakati wa kutua walipiga fremu 6 kwa sekunde, kasha likatosha dakika kumi na tano na nusu. Walipokuwa nje wakitembea, sehemu kubwa ya filamu ni fremu 1 tu kwa sekunde. Ndiyo maana video nyingi za zamani zinawaonesha wanaanga wakikimbiakimbia kama sisimizi: mtu alichukua fremu za polepole akazichezesha kwa kasi ya kawaida. Toleo zuri la filamu hii ni lile ambalo kila fremu imerudiwa mara zinazotakiwa ili sekunde ya filamu iwe sekunde ya kweli. Litakuwa linaruka kidogo. Liache liruke.

Kwa ukali wa picha, filamu hii inaiacha televisheni mbali, na filamu za asili NASA inazihifadhi kwenye jokofu kule Houston. Skani mpya zilizofanywa kutoka filamu za asili si za kulinganishwa na nakala za miaka ya 1990 zilizopita kwenye kanda za video. Kwa tukio la kutua sina chaguo la pili: filamu ya dirishani, skani mpya, kasi ya kweli. Unaona makreta yakipita, kivuli cha mguu wa chombo, kisha vumbi linaanza kukimbia pembeni.

Ila haina sauti. Kamera haikurekodi sauti hata kidogo, na kila sauti unayosikia juu yake imepachikwa na mtu. Pachiko likiwa baya, Aldrin anasoma kimo cha chombo wakati kimeshatua. Waliolifanya vizuri zaidi kwa maoni yangu ni Ben Feist na wenzake katika mradi wa Apollo in Real Time, ambao kwa Apollo 11 ulifunguliwa mwaka 2019: filamu, televisheni, picha za kawaida na sauti za chumba cha Houston vimepangwa kwenye saa moja ya safari nzima. Huyo mwenye sekunde moja anayotaka kuhakiki aende huko. Muingereza Stephen Slater naye alifanya kazi ya kichaa ya kuzitazama filamu bubu za chumba cha Houston, anasoma midomo na saa za ukutani, kisha anaitafuta sauti inayolingana katika rekodi. Kazi kama hiyo haing'ai popote kwenye kioo, na ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote.

Kuna tawi jingine dogo la filamu hii. Kwa kuwa Armstrong ndiye aliyeshika kamera ya picha za kawaida muda mwingi, picha nzuri za Mwezini karibu zote ni za Aldrin. Andy Saunders, Muingereza mwingine, alichukua fremu nyingi mfululizo za filamu ya milimita 16 ambazo Armstrong amesimama karibu kutulia, akazipandanisha na kutafuta wastani wake. Kilicho kweli kipo katika kila fremu, chembechembe za filamu zinabadilika ovyo. Ukipandanisha fremu 16, chembechembe zinapungua mpaka robo. Uso wa Armstrong ukajitokeza ndani ya helmeti. Hapo unapata picha moja tu iliyosimama, kwa hiyo hii ni ya bango la ukutani na jalada, si ya projekta.

Filamu pana

Filamu za milimita 65 zilizofukuliwa kwenye Nyaraka za Taifa za Marekani na kuskaniwa kwa ajili ya maadhimisho ya mwaka 2019 ndizo kali kuliko chochote nilichotaja: roketi juu ya jukwaa 39A, maelfu ya watu ufukweni na kofia zao, meli ya USS Hornet ikiwapokea wanaanga. Zitazame. Lakini haimo hata fremu moja ya Mwezini, kwani kamera zile kubwa hazikuondoka Duniani. Mtu akikuonesha hatua ya kwanza kwa ukali ule, imetengenezwa.

Ya kung'aa

Nirudi kwa vidole vya yule binti. Programu za akili unde zinazopandisha video hadi fremu 60 kwa sekunde hazifanyi kazi ileile ya mwaka 2009 kwa nguvu zaidi, kama watu wanavyodhani. Zimefundishwa kwa mamilioni ya video za siku hizi kukisia kinachokuwepo kati ya fremu mbili. Mtambo wa 1969 nao ulijaza mapengo, lakini ulijaza kwa kurudia kilichoonekana. Programu inajaza kwa kukisia kisichoonekana.

Hesabu ni za darasa la nne. Televisheni ya fremu 10 ikipelekwa 60, fremu tano kati ya sita ni makisio. Filamu ya kutua, kutoka 6 hadi 24, tatu kati ya nne. Filamu ya matembezi ya fremu 1 ikipelekwa 24, ishirini na tatu kati ya ishirini na nne. Kwa hiyo ile video ya wanaanga wanaotembea kwa ulaini wa ajabu, sehemu ndogo mno ndiyo Armstrong. Iliyobaki ni maoni ya kompyuta kuhusu Armstrong. Mkono ukiwa hapa sekunde hii na kule sekunde ijayo, kompyuta haijui ulipitia wapi. Inaunganisha vidole.

Kukuza ukali nako kuna dhambi yake. Programu ikiona doa la kijivu inaweka mchanga, kwa sababu imezoea mchanga. Mwezi uliopigwa kwa mistari 320 unatoka na kokoto ambazo hakuna kamera iliyoziona.

Siyo kwamba nazilaani zote. Tukio la kutua linavumilia vizuri: kamera imefungwa imara dirishani, ardhi inapita kwa mpangilio, na kati ya fremu mbili hakuna kikubwa cha kukisia mpaka vumbi linapoanza. Niliwahi kulitumia kama utangulizi wa video ya dakika mbili, nikaandika chini yake kilichofanyika. Kwa matembezi sitalitumia. Na ikiwa video ina fremu 60, ina rangi, imekuzwa mpaka 4K na haisemi imetoka kwenye filamu gani, mimi naipita kama samaki aliyelala siku mbili.

Basi wewe uchukue ipi

Mwalimu mwenye kipindi kimoja: kutua kutoka filamu ya dirishani, dakika nne za mwisho zenye sauti iliyopangwa vizuri, kisha hatua ya kwanza kutoka toleo la 2009. Inatosha. Ukipata nafasi, tanguliza ile kichwa chini.

Anayetaka watoto waone watu wanatembea, wanaruka, wanaendesha gari Mwezini, na hajali ni safari ipi, namshauri aiache Apollo 11 kabisa. Wala asiende Apollo 12. Mwanaanga wake, Alan Bean, aliielekeza kamera kwenye Jua na matangazo yakaishia hapo. Aende Apollo 15, 16 na 17, zenye televisheni ya rangi iliyoendeshwa kutoka Houston na Ed Fendell. Kamera ile ilipata rangi kwa kisahani chenye vichujio kilichozunguka mbele ya kioo, kwa hiyo kitu kinachokimbia huacha mapande ya nyekundu, kijani na buluu kingoni mwake. Waambie watoto watafute mapande hayo; wanafurahi. Picha za 16 na 17 zilipitishwa kwenye mtambo wa kupunguza chenga palepale zikirushwa, mwaka 1972, na aliyeubuni ni John Lowry, yuleyule ambaye kampuni yenye jina lake ilikuja kusafisha Apollo 11 miaka 37 baadaye. Kuondoka kwa Apollo 17 Desemba 14, 1972, Fendell akiinua kamera kufuata chombo kwa amri alizozituma mapema ili kufidia mwendo wa mawimbi, ndicho kipande ninachokirudia kuliko vyote.

Mtengeneza makala wa televisheni ana shida nyingine, ya haki. Vitu vya NASA yenyewe kwa kawaida havina hakimiliki, unaweza kuvitumia bila kulipa, mradi usiweke nembo yao kana kwamba wamekuidhinisha. Toleo lililosafishwa na mtu binafsi linaweza kuwa na madai yake. Shusha kutoka chanzo, hata kama faili ni kubwa na bando linauma. Nakala ya YouTube iliyokwisha kubanwa, ukiibana tena, chenga zinageuka viboksi.

Kijana wa video fupi za simu, najua hutanisikiliza kuhusu ile ya kung'aa. Basi andika tu pembeni, herufi zinazosomeka: "Filamu ya NASA ya 1969, fremu 6 kwa sekunde, fremu 3 kati ya 4 zimebuniwa na kompyuta." Nimeona video yenye maandishi kama hayo ikitazamwa vilevile, na kwenye maoni watu wakabishana kuhusu fremu badala ya studio.

Na kwa yeyote atakayetumia projekta: toleo la 2009 lina weusi mwingi, na darasa lenye madirisha wazi saa nne asubuhi halitaona chochote zaidi ya ukuta. Tafuta khanga nne, pini na stuli kabla hujawasha.